Vilima vya Sabaki na Mchanga wa Bara

Mvua inayonyesha Kabiria, mtaa wa Dagoretti magharibi mwa Nairobi, haina njia nyingi za kushukia. Ile ya upande wa kaskazini huishia Mto Nairobi, na ile ya kusini huingia Motoine, kijito ambacho kikishapita bwawa lililo pembeni mwa Kibera huitwa Mto Ngong. Mito hiyo miwili hukutana mashariki mwa jiji, kisha maji yote huwa ya Athi. Kutoka hapo safari ni ndefu: huporomoka Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, huzunguka Ukambani, huambaa na uwanda wa Yatta, hupokea maji ya Tsavo na kuitwa Galana, na mwishowe, kwa jina la Sabaki, huingia Bahari ya Hindi kilomita chache kaskazini mwa Malindi. Kati ya mlango huo wa mto na mji wa kale wa Mambrui upepo umerundika vilima vya mchanga ambavyo siku hizi hutangazwa kwa familia za Nairobi kama jangwa lililo kando ya bahari, mahali pa kuteleza, kupiga picha jua likizama na kuendesha pikipiki za magurudumu manne. Tangazo hilo lina makosa mawili. Pale si jangwa, kwa sababu pana uhai mwingi kuliko mashamba mengi ya nyuma yake. Wala vilima vile si zawadi ya bahari peke yake: sehemu kubwa ya kilichopo leo imeletwa na historia ya bara, yaani ardhi ilivyogawanywa, ilivyolimwa na ilivyojengwa juu kule kwa muda wa miaka mia moja na ushei. Ninachodai ni kwamba mtu wa Nairobi aendaye kuviona hana haki ya kujiita mgeni tu. Ana mkono wake katika vilima hivyo, na adabu ya kuvitembelea inapaswa kutokana na jambo hilo kabla haijatokana na kibao chochote cha marufuku.

Nianze na yaliyo ya kale zaidi, maana si haki kumsingizia binadamu kila chembe. Pwani ya Kenya ilikuwa na vilima vya mchanga kabla hajazaliwa mtu wa kuvipa jina. Nyuma ya Mambrui, kuelekea Marafa, kuna tabaka nene la mchanga mwekundu ambalo wanajiolojia wameliita kwa jina la Magarini, na sehemu kubwa yake ni vilima vilivyopeperushwa na upepo zama za mbali sana, vikagandamana na kushika kutu. Korongo la Marafa, ambalo wenyeji huliita Nyari, limechongwa na mvua ndani ya mchanga huo. Tabaka hilohilo, likiwa na madini mazito ya titani, ndilo lililochimbwa Kwale kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Kwa hiyo ufundi wa kujenga vilima upo tangu zamani, na haujabadilika. Mto huleta mzigo baharini. Wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, mkondo huusukuma mzigo huo kusini kuelekea ghuba ya Malindi. Wakati wa kusi huusukuma upande wa Mambrui. Mawimbi hutupa mchanga ufukweni, maji yakipwa jua huukausha, na upepo huuchukua chembe kwa chembe hadi ukutane na kizuizi, ambacho aghalabu ni mmea. Mto ukileta kidogo vilima hudumaa. Ukileta mwingi hukua na kutambaa.

Swali la mwanahistoria basi ni hili: mto umeleta kiasi gani, na tangu lini? Katika sehemu nyingi za Afrika swali kama hilo lingebaki bila jibu, kwa kuwa hakuna aliyepima. Malindi ina bahati ya kuwa na shahidi aliyekuwa akiandika bila kujua. Matumbawe hukua kwa tabaka za kila mwaka, na kila tabaka huhifadhi ndani yake alama za maji ya mwaka ule. Tope la mtoni hubeba elementi iitwayo bariamu, hivyo mwaka wa tope jingi huacha bariamu nyingi. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Dominik Fleitmann walichapisha walichokisoma katika jiwe la tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Kuanzia 1700 hadi karibu 1900 mzigo wa Sabaki haukubadilika sana. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 ulipanda mfululizo, na kilele chake kilikuwa kati ya 1974 na 1980, ulipofikia mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Vipimo vya mtoni kwenyewe vilivyofanywa miongo ya baadaye vinatofautiana, lakini vinahesabu kwa mamilioni ya tani kwa mwaka.

Tarehe hizo hazisemi peke yake ni nani aliyefanya nini, ila ni vigumu kuzitazama bila kuona kilichokuwa kikitendeka juu ya mto. Reli ilifika Nairobi 1899. Miaka michache baadaye ardhi ya vilima na mbuga za Machakos ilikatwa vipande kwa ajili ya walowezi, na Wakamba wakasongamanishwa pamoja na mifugo yao katika hifadhi iliyozidi kuwa finyu. Miaka ya 1930 maafisa wa serikali walipiga kelele kuhusu mmomonyoko wa Machakos kana kwamba umeletwa na ujinga wa mfugaji, si na ramani waliyoichora wao wenyewe. Dawa yao ilikuwa kunyang'anya ng'ombe. Mwaka 1938, mwaka uleule ambao kiwanda cha nyama kilifunguliwa Athi River, ng'ombe walikamatwa kwa nguvu na kupigwa mnada. Maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, waliteremka Nairobi kudai kuonana na gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ililegeza kamba kuhusu ng'ombe, lakini Mbingu mwenyewe ilimhamishia Lamu, na kwa njia hiyo kiongozi wa watu ambao udongo wao ulikuwa ukishuka pwani akashushwa pwani naye. Baada ya uhuru watu waliongezeka, wakafuata miteremko mikavu zaidi, na ukame wa katikati ya miaka ya 1970 ukaikuta ardhi iko uchi. Lakini habari hii haikuishia katika uharibifu, na hapo ndipo ninapopenda ushahidi wenyewe. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha katika kitabu chao cha 1994 kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka takriban mara tano huku mmomonyoko ukipungua, kwa sababu wakulima, hasa wanawake katika vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, walichimba matuta shamba baada ya shamba. Tumbawe la Malindi, lililopimwa na watu wengine kwa sababu nyingine, nalo linaweka kilele kabla ya 1980.

Mtu anayejua udongo atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema udongo wa Dagoretti ni mwekundu, wa volkano; ukimomonyoka huwa tope laini linaloelea hadi baharini na kutua mbali, haufanyi kilima. Chembe za mchanga wa Sabaki, ngumu na za kung'aa, zinatoka katika miamba ya kale ya Ukambani na Tsavo. Hivyo Kabiria imehusikaje? Kuhusu tope sibishi: mchango wa magharibi mwa Nairobi katika maji mekundu ya ghuba ya Malindi ni wa rangi kuliko wa kimo. Ila Kabiria inahusika kwa mchanga wenyewe, na kwa njia ambayo mkazi wake anaiona kila asubuhi kwenye lori lililoegeshwa mbele ya mjengo. Dagoretti iliingizwa ndani ya mipaka ya jiji wakati wa uhuru. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu, mashamba ya familia yenye mahindi, ndizi na ng'ombe mmoja wawili. Mashamba hayo yaligawanywa kwa warithi, warithi wakajenga vyumba vya mabati vya kupangisha, na mabati nayo sasa yanapisha gorofa za ghorofa tano na zaidi. Kila gorofa ni saruji, kokoto na mchanga wa mtoni, na mchanga wa mtoni wa Nairobi huchotwa Machakos, Makueni na Kajiado, mwingi wake katika vijito vinavyoilisha Athi. Uchotaji huo ulifikia hatua ya watu kuuana, hadi Mamlaka ya Mazingira, NEMA, ikatoa miongozo 2007, na Kaunti ya Makueni ikatunga sheria yake 2015 kuzuia malori kuubeba mchanga nje ya kaunti. Kwa hiyo Kabiria imeshika pande zote mbili za hesabu: kwanza bara iliongeza mzigo wa mto kwa kulima vibaya, na sasa inaupunguza kwa kuuchota mchanga kabla haujafika. Sehemu ya kilima cha Sabaki imesimama wima Nairobi, imepakwa rangi, na ina wapangaji.

Turudi pwani, maana kuna pingamizi zito zaidi. Ikiwa vilima na ufukwe wa Sabaki vilinenepeshwa na maafa ya bara, kwa nini tuvilinde? Malindi imeulipia mzigo huo. Maji ya ghuba hugeuka rangi ya chai ya maziwa kila mvua zikinyesha bara, na mahoteli yaliyojengwa bahari ikiwa mlangoni yaligundua baada ya miongo michache kwamba mgeni anapaswa kutembea hatua nyingi juu ya mchanga mpya kabla hajalowa miguu. Matumbawe yaliyo karibu na mkondo wa tope yaliteseka. Mtu anaweza kusema kwa uwazi kabisa kwamba vilima hivi ni kovu, na hakuna anayejenga uzio kuzunguka kovu.

Jibu langu ni kwamba viumbe hawakuuliza mchanga umetoka wapi. Mto ulipotandaza matope na kuinua mafungu mapya, ndege walikuja. Orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya iliyotolewa 1999, yenye maeneo 60, iliuweka mlango wa Sabaki miongoni mwao, na mwenye kutembea pale na darubini ataelewa kwa nini. Vitwitwi na jamii zao waliozaliana Siberia na kaskazini mwa Ulaya hukaa pale kuanzia karibu Septemba hadi Aprili. Wakiondoka hao, huja kutoka upande wa pili ndege wa Madagaska, Glareola ocularis, mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, ambaye baada ya kuzaliana kisiwani kwao huvuka bahari na kutua kando ya Sabaki kwa maelfu. Shakwe na buabua hulala kwenye mafungu. Heroe huja na kuondoka. Viboko hukaa mtoni karibu kabisa na bahari. Katika nyasi zilizo nyuma ya vilima yupo ndege mdogo wa kahawia, Anthus melindae, aliyepewa na wanasayansi jina la Malindi na ambaye nje ya pwani ya Kenya na Somalia hapatikani. Wakati huohuo makao ya ndege kama hawa kwingine yamejazwa mahoteli na mabwawa ya chumvi. Makao yaliyotokana na makosa yetu hayawi duni kwa sababu hiyo. Bandari ya Mombasa pia haikujengwa kwa nia njema, na hakuna anayependekeza ibomolewe.

Ajabu ni kwamba kwa karne nyingi vilima hivi vililindwa bila mtu kuwaza kuvilinda. Mambrui ni mji wa kale. Kaburi lake la nguzo lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina ya enzi ya Ming, na wachimbaji wa Kenya na China walioanza kazi pale 2010 walitoa sarafu ya mfalme Yongle. Lakini mji ulikaa mahali pake, na mchanga ukaachiwa wavuvi, kasa na upepo. Katika karne ya 19 matajiri wa Malindi na Mambrui walilimisha watumwa mtama na ufuta katika ardhi ya nyuma, kwenye udongo uzaao. Mchangani hapakuwa na cha kuvuna. Mwaka 1914 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wagiriama waliokaa kaskazini mwa Sabaki na kuchoma nyumba zao, baada ya upinzani ambao Mekatilili wa Menza aliuwasha mwaka uliotangulia. Nayo iligombea mashamba, si vilima. Hata utalii, ulioanza Malindi miaka ya 1930 kwa mahoteli ya Wazungu wavuvi wa samaki wakubwa, ulitazama upande wa kusini, kwenye maji maangavu. Ndiyo maana hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilipotangazwa 1968, za kwanza za aina yake nchini Kenya, zililenga matumbawe. Vilima vilisahaulika, na kusahaulika ndiko kulikokuwa ulinzi wao.

Ulinzi wa namna hiyo hudumu hadi siku mtu atakapogundua kwamba mahali pasipo na thamani ni pazuri. Siku hiyo imepita zamani. Mchanga uliokuwa hauna mwenyewe sasa una bei ya ploti, na sheria haijaufuata kwa kasi hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaitaja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kilima kiko juu ya alama ya maji kujaa. Hivyo ufukwe ambao wimbi huusafisha mara mbili kwa siku umetajwa na Katiba, ilhali kilima kinachouhifadhia mchanga wake, na ambacho alama ya gurudumu inaweza kubaki juu yake msimu mzima, kinategemea hati ya nani inatambuliwa na ofisi ya ardhi.

Inafaa kulinganisha na Shela, kisiwani Lamu, ambako vilima vya mchanga vilipata mlinzi mapema zaidi. Chini ya vilima vya Shela kuna maji matamu: mvua hupenya mchangani na kuelea juu ya maji ya chumvi yaliyo mazito kuliko yenyewe, na kwa kanuni iliyogunduliwa na Badon Ghyben na Herzberg mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini yake. Kilima kikiondolewa, chumvi hupanda. Watu wa Shela walijua gharama ya jambo hilo bila kanuni. Masimulizi yao yanawatoa Takwa, ng'ambo ya mlango wa bahari kisiwani Manda, mji ulioachwa karne ya 17, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kuharibika kwa maji ya visima. Mpaka leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba mvua penye kaburi la nguzo. Mji wa Lamu unakunywa maji ya vilima hivyo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu na wakati ambapo mji wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia 2001, vilima vilitangazwa kulindwa kisheria kama chanzo cha maji. Havijapona uvamizi wa wajenzi, lakini kila mzozo unapozuka kuna upande wa pili wenye hoja isiyohitaji kufafanuliwa: mnajenga juu ya kisima chetu. Sabaki haina sauti hiyo. Ila haikosi sababu: maji ya bomba ya Malindi, na sehemu kubwa ya yale yanayopelekwa Mombasa, hutoka visima vya Baricho, vilivyochimbwa katika mchanga uleule ulioachwa na mto kabla haujafika baharini. Mji unakunywa kutoka mchanga wa Sabaki na hauujui kwa jina.

Nimechelewa kufika kwenye miguu ya mtembezi kwa makusudi, maana ushauri wa kutembelea vilima kwa kawaida huanza na kuishia miguuni. Kilima kimeshikwa na ngozi nyembamba sana ya mimea. Wa mbele ni mlakasa, mtambaa wenye maua ya zambarau unaovumilia chumvi na kufukiwa. Nyuma yake hufuata nyasi na vichaka. Mlakasa husimamisha mchanga unaopita, na hapo kilima huanza. Mguu mmoja hauuui, lakini watu 30 wakifuata njia moja kupanda mteremko wa upande wa bahari hufungua kidonda ambacho kusi hukipanua hadi kiwe pengo. Gurudumu hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Kisha kuna wale wasioonekana: ndege wadogo wa ufukweni hutaga moja kwa moja juu ya mchanga mtupu, mayai yenye madoa ya rangi ya mchanga, na mzazi akifukuzwa mchana wa jua kali mayai huiva kabla ya kuanguliwa. Kasa hupanda usiku, hufukia mayai mia moja au zaidi, na kuyaachia joto la mchanga kwa takriban siku 60. Joto hilo ndilo huamua watakaozaliwa ni majike au madume, kwa hiyo hata kukata mti wa kivuli ni kuingilia. Vitoto vikitoka hufuata upande wenye mwanga hafifu wa bahari. Taa ya simu au ya hoteli huviita bara, na mfereji ulioachwa na tairi ni ukuta kwa kiumbe kisichozidi urefu wa kidole.

Wapo watakaosema hayo ni madogo mno mbele ya mto unaokusanya maji ya eneo la kilomita za mraba 70,000 hivi. Mafuriko ya wiki moja hubomoa fungu zima na kulijenga mahali pengine. Kundi la wanafunzi kutoka Nairobi litaharibu nini? Hoja hii ina kishawishi kwa sababu nusu yake ni kweli. Kilima hupona kutokana na mto, kwa kuwa mto unaponyang'anya huleta. Mtalii huondoa mmea wala halipi mchanga. Tena mto hufurika kwa majira ambayo viumbe wamezoeana nayo, ilhali likizo za shule hazikupangwa kwa kumuuliza kitwitwi. Sikubali pia kwamba kuwazuia waendesha pikipiki ni kuwanyima wenyeji riziki. Huo ni uchaguzi wa riziki ipi, na ya nani. Pikipiki ya magurudumu manne hununuliwa na mwenye mtaji, na faida hurudi kwake. Kutembea kwa miguu kunahitaji mtu anayejua fungu lipi lina ndege na kivuko kipi kina kiboko, na elimu hiyo iko kijijini Sabaki, ambako wenyeji wamekuwa wakiwaongoza wageni wa ndege kwa miaka. Kusini kidogo, Watamu, mradi wa kasa ulioanza 1997 umeonyesha kwamba mvuvi anayefidiwa muda wake na nyavu zake humfungua kasa aliyenaswa badala ya kumchinja. Mgeni anayelipa kiongozi wa miguu anaingia katika hesabu hiyo. Anayekodi mashine hotelini hayumo, hata kama hotelini wamempa chupa ya maji isiyo ya plastiki.

Kuna jambo jipya linaloifanya hoja ya "mto utaleta mwingine" ichakae. Kwa karne nzima Athi haukuwa na bwawa kubwa, tofauti na Tana uliofungwa Masinga mapema miaka ya 1980 na Kiambere baadaye. Mwaka 2018 ujenzi wa bwawa la Thwake ulianza mahali Athi unapokutana na mto Thwake, Makueni. Bwawa hilo limeahidiwa kuleta maji ya kunywa, kilimo na umeme katika nchi iliyoyasubiri muda mrefu, na sina neno dhidi ya ahadi hiyo. Lakini maji yakitulia, kinachozama kwanza ni chembe nzito. Mchanga utabaki bwawani, na tope laini, ambalo halijengi kilima na ndilo linaloyasumbua matumbawe, litaendelea na safari kwa sehemu. Weka juu ya hayo malori yanayoshindana na mto juu na chini ya bwawa, na inawezekana kabisa kwamba vilima vilivyokua kwa miaka mia vimeshafika kimo chao. Kitakachobomolewa kuanzia sasa huenda kisijengwe tena.

Pingamizi la mwisho ni la upole, na husemwa na watu wenye nia njema: basi twende wakati viumbe hawapo. Ukitazama kalenda, wakati huo haupo. Familia ya Kabiria inayoshuka kwa treni ya Madaraka Express likizo ya Disemba inawakuta ndege wa kaskazini. Ikisubiri Agosti inawakuta wa Madagaska. Ikichagua Aprili inafika kasa wakiwa katika miezi yao ya kutaga kwa wingi, ingawa hata miezi mingine hutaga. Kinachobadilika kwa faida ya mgeni ni saa. Maji yakipwa ndege hutawanyika mbali juu ya matope kutafuta chakula, na mtu anaweza kuambaa na mchanga mbichi wa ufukweni, ambao wimbi litaufuta, bila kumsumbua yeyote. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, wote husukumwa kwenye mafungu machache yaliyobaki na chini ya vilima, wapumzike. Kundi la watu likipita hapo huwarusha wote kwa pamoja, na wanaojiandaa kuruka hadi Siberia hawana nguvu za kupoteza. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji kupwa na kujaa kila mwaka kwa ajili ya mabaharia. Anayepanga safari ya Sabaki alitazame kabla ya kukata tiketi, na wakala wa Nairobi anayeuza machweo ya vilimani siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, aulizwe kwa nini amechagua saa hiyo.